Janvier na Miti ya Vitambaa Vyekundu

Mushagalusa alifika kwetu akisukuma pikipiki yake, injini imezimwa. Ni motari, mwendesha pikipiki ya abiria, wa barabara ya Sake, na asubuhi zote tulizoea kumsikia kabla ya kumwona. Siku ile ilikuwa Jumanne, juma la pili la Kwaresima, mwaka wa 2024. Niliinua macho kutoka kwenye ungo wa maharagwe nikamkuta amesimama kwenye mlango wa ua, kofia yake ya pikipiki mkononi.

"Mama Béata, weka ungo chini."

Nikauweka.

"Janvier ameingia mu mazuku."

"Na ametoka?"

Akaangalia gurudumu la mbele. "Bamemutoa. Lakini hapumue tena."

Mazuku ni jina tulilorithi kwa wazee wetu. Ni mashimo na mabonde madogo upande wetu wa Mugunga, ambamo hewa mbaya ya volkano hutoka ardhini na kutulia, hasa alfajiri kabla jua na upepo havijaitawanya. Huioni. Mbuzi akishuka mle hulala. Mwenye mbuzi akiinama kumwinua, naye hulala. Kila familia ya hapa inamjua mtu aliyelala hivyo.

Kabla ya kulia, kabla hata ya kumwita mama aliyekuwa ndani na rozari yake, niliona mbele ya macho yangu miti sita ya mkaratusi iliyofungwa vitambaa vyekundu. Mmoja niliung'oa kwa mkono wangu mwenyewe.

Janvier alikuwa mdogo wangu. Alizaliwa Kiwanja mwaka wa 1991, miaka sita baada yangu. Baba yetu, Twagirimana, alikuwa akinunua maharagwe kule na kuyauza Goma, na baadaye akatuhamishia mjini, katika nyumba ya mbao karibu na uwanja wa ndege. Volkano ilipolipuka Januari 2002, moto ule ulishuka hadi katikati ya mji na kuifunika nyumba yetu pamoja na mtaa wote. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Mama alibeba sufuria na picha ya Bikira Maria, mimi nilibeba godoro, na Janvier, mwenye miaka kumi na mmoja, alibeba telekomande ya televizio. Televizio yenyewe iliungua, yeye akaokoa telekomande. Wakimbizi wenzetu walimcheka hata wakasahau kulia. Muzee mmoja alimwomba atafute bouton ya kuzima volkano.

Jioni ile aliifungua kwa kisu cha mezani ili aone kilichomo. Sidhani kama aliwahi kuifunga tena sawasawa, lakini toka siku ile hakuna chombo kilichopita mikononi mwake bila kufunguliwa.

Baba alipotea kwenye njia ya Rutshuru mwaka wa 2008. Ni waasi gani waliomchukua hatujui, wakati ule walikuwa wa majina mengi. Hatukuzika kitu. Janvier aliacha shule darasa la nne la sekondari na kufungua kibanda cha mbao kando ya barabara, hapa Mugunga tulipohamia. Alitengeneza televizio, redio na simu, na kuchaji simu za watu kwa paneli ya jua. Mimi, niliyekatiza shule mwaka ule wa volkano, nilimaliza sekondari kwa jasho lake, na kwa hiyo hata herufi hizi ninazoandika kwa sehemu ni zake.

Televizio alizitengeneza bila kuziamini. Alipokuwa akiijaribu moja alizima sauti, akawa anatazama midomo ya wakubwa wa nchi ikicheza, na kusema kwamba kwa namna hiyo mtu anaweza kuwasamehe. Mwaka wa 2012 waasi walipoingia Goma, na tena volkano ilipolipuka Mei 2021, waandishi wa habari walijaa mjini na mashine zao, kisha wakaondoka wote kwa pamoja. "Yaya," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita mimi dada yake, "televizio ni mugeni mwenye anakuya tu siku ya kilio. Anakula, anaenda."

Habari za sayansi ndizo alizozipenda. Alizisoma kwenye simu kila asubuhi na kumfasiria mama wakati anakunywa chai: mitetemeko chini ya volkano, gesi iliyolala chini ya Ziwa Kivu, vioo vikubwa vya kutazamia nyota. Mama alipenda nyota. Janvier alipomweleza kwamba nyota nyingine ilikwisha kufa zamani na mwanga wake ndio unafika leo, mama alifikiri kidogo, akasema kwamba hilo halimshangazi, barua mbili za baba zilifika kwetu mwezi mmoja baada ya yeye kupotea.

Mimi nilimdharau. Ni lazima niandike neno lenyewe. Mwaka wa 2021, mlipuko ulipokwisha na mji kuhamishwa na kurudishwa, majirani walimfuata kibandani kumuuliza sayansi yake ilikuwa wapi usiku ule, mbona haikutuambia siku. Aliwajibu kwamba sayansi ilikuwa imesema wazi kwamba siku haiijui. Wakacheka. Mimi nilicheka pamoja nao, nikamwambia kwamba Mungu peke yake ndiye anayejua, na kwamba kusoma kote kule ni kujichosha. Aliinamia kazi yake. Alikuwa na redio ya mtu mikononi.

Halafu michezo. Alicheza kwenye kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe kutoka kwa mabaki ya kompyuta tatu, akiwa na vifaa vya kusikilizia masikioni, akicheza na watu wa mbali asiowajua. Michezo ya kupigana kwa bunduki aliikataa kibandani. Vijana waliitaka sana, naye akawaambia: "Mutu anakimbia risasi kule Masisi, anafika hapa, analipa ili akimbie tena risasi?" Mchezo wake ulikuwa ule wa kujenga kwa vipande vya mawe na mbao. Kwa miaka miwili alijenga mtaa wetu wa zamani, ule uliofunikwa mwaka wa 2002: nyumba yetu, kisima cha jirani, kanisa dogo, hata mfereji uliokuwa ukinuka. Alimwita mama kumuuliza mlango wa Mama Jamila, muuza mafuta, ulielekea upande gani, na mama alisahihisha mambo mengi.

Siku moja nilimkuta ameketi mbele ya kioo cha kompyuta. Katika mchezo ule kuna moto wa volkano ambao mchezaji anaweza kuumwaga, na mtu mmoja, hatujui wa nchi gani, alikuwa ameingia wakati Janvier hayupo na kuumwaga juu ya mtaa mzima. Alikuwa ameandika vicheko chini yake. Mimi nilikasirika kuliko yeye. Nilimwambia amtafute amfanyie vilevile.

"Yaya, ni mutoto. Anafikiri ni mchezo."

Juma lililofuata alikuwa ameanza upya, kwenye kisima cha jirani.

Vifaa hivyo vya masikioni ndivyo vilivyoleta maneno. Alipocheza aliongea na wale watu kwa Kifaransa, kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza cha kuokoteza, akicheka peke yake ndani ya kibanda. Mama Dancille, kiongozi wa kundi letu la maombi, alipita pale kila jioni akienda kanisani. Alinishika mkono siku moja baada ya misa na kuniuliza ndugu yangu anaongea na nani. Nikasema anaongea kwa simu.

"Simu haichekeshi mutu namna ile," alisema. "Na haonekanage kwa komunyo."

Nilirudi nyumbani nimeona haya. Kundi letu lina watu wapatao arobaini, na Krismasi ile walikuwa wamenichagua niwe msomaji wa Neno. Sikutaka jina langu litajwe pamoja na jina lake.

Februari 2024 vita vilifika Sake. Watu wakamiminika barabarani na magodoro, mbuzi na wagonjwa migongoni, na kambi zilizokuwa zimejaa zikajaa tena. Waliochelewa walijenga vibanda vyao vya maturubai popote palipobaki, hadi kando ya bonde lililo nyuma ya shamba la mama. Wenyeji hatukulima pale, hatukuchunga pale, na sababu tuliijua. Wageni wangeijuaje?

Janvier alienda kwanza mjini, kwenye kituo kimoja cha televizio, akaomba watangaze mabonde ya mazuku karibu na kambi. Alikuwa amechora ramani. Mtu wa pale aliiangalia na kumwuliza wamekwisha kufa wangapi. Janvier akasema kwa sasa hakuna. Yule akamrudishia karatasi: atakapopata maiti, alete habari.

Basi akakata miti sita ya mkaratusi, akaisimika kuzunguka bonde, na kila mmoja akaufunga kitambaa chekundu. Alipita kwenye vibanda vya karibu akieleza: ndani ya vile vitambaa mtu asishuke, asubuhi hasa. Kwetu nyumbani alieleza pia. Nilikuwa napika, nikaitika bila kusikiliza.

Jumamosi ya tarehe kumi na saba, kundi la maombi lilikwenda kuwatembelea wakimbizi. Tulibeba unga na sabuni. Mama Dancille aliiona miti ile, akasimama. Vitambaa vyekundu kwenye vijiti, vimezunguka shimo ambalo watu hufa bila jeraha: kwa macho yake hiyo ilikuwa kazi ya mchawi aliyelitengea shetani uwanja, na wakimbizi hawa ndio wangekuwa sadaka. Kina mama wakaanza kusali kwa sauti. Yeye akaamuru ing'olewe na kuchomwa.

Nilikaribia na kuona kitambaa. Kilikuwa pazia letu la zamani. Pindo lake nililishona mimi, kwa uzi mweusi kwa sababu mwekundu uliniishia. Hapo nikakumbuka kila neno aliloniambia nikiwa jikoni. Neno moja lingetosha: hii ni miti ya Janvier, ni alama tu. Walikuwa kina mama kumi na wawili. Wangesema kumbe ni yeye, tulijua, yule anayecheka na mashetani. Wangenitazama mimi.

Mama Dancille aliniita jina langu, akaniambia na mimi ning'oe. Nikang'oa. Tuliichoma tukiimba, na mimi ndiye niliyesoma Zaburi.

Janvier alirudi jioni viatu vimejaa matope.

"Yaya, nani aling'oa miti yangu?"

"Itakuwa bakimbizi," nilisema. "Banakosa kuni."

Alikaa kwenye kiti akafikiri. "Basi hawana kosa. Mutu mwenye baridi hawezi kuacha kuni sababu ya alama."

Huo ndio uongo wenyewe, na matokeo yake yalikwenda hivi. Kwa kuwa aliamini kwamba mti wowote ungeibwa kuwa kuni, hakusimika mingine. Alitaka vyuma. Mchomeaji wa vyuma hakuwa na umeme, nyaya zilikuwa zimekatika kwenye mapigano. Akaamua kwamba mpaka umeme urudi atalinda bonde yeye mwenyewe, kila alfajiri hadi jua lichomoze vizuri, na taa ya mafuta. Taa anaishusha kwa kamba: ikizimika, hewa mbaya imepanda. Kama ningemwambia ukweli angekwenda kwa padri, aliyemjua vizuri kwa kuwa alimtengenezea vipaza sauti vya kanisa, na padri angesema sentensi moja Jumapili. Miti ingesimikwa tena siku ileile, labda na Mama Dancille mwenyewe.

Asubuhi kumi nilimchemshia chai kabla hajatoka. Nilikuwa na asubuhi kumi za kusema. Mara moja nilifungua kinywa, nikamwuliza kama anataka sukari.

Yaliyotokea siku ya kumi nimeyapata kwa Shida. Ni mwanamke wa Sake, wa familia ya Kiislamu yenye asili ya Maniema, aliyekimbia na watoto wanne. Choo cha kambi kilikuwa kimejaa. Alfajiri alichukua birika la maji na kushuka bondeni, mahali pa kujificha, asijue, maana alifika baada ya Janvier kupita akieleza. Janvier alikuwa upande wa pili. Bonde ni refu, na mtu mmoja hawezi kuwa miti sita. Alimwona mwanamke anachuchumaa halafu anaanguka. Alipiga kelele kuwaita watu, akavuta pumzi, akateremka akikimbia.

Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akitukumbusha kwamba anayeinama mle hainuki, na kwamba pumzi mbili zinatosha kuua. Alimfikia Shida kwenye mteremko, akambeba, akampandisha hadi kwenye jiwe ambapo wanaume wa kambi walimshika mikono wakamvuta. Kwa kumsukuma vile lazima alipumua. Walimwona Janvier akikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Hakuna aliyethubutu kumfuata. Walimvuta kwa kamba yenye ndoana ya kuopolea ndoo, na jua lilikuwa limekwisha kupanda.

Mwili ulikaa kwetu usiku mmoja. Watu wa kituo kile cha televizio walikuja na mashine yao mchana, wakaomba kumpiga picha mama karibu na picha ya marehemu. Kijana mmoja wao aliniuliza jina lake linaandikwaje.

"Mulimuambia alete maiti," nilisema. "Ameleta."

Hakuelewa. Mama akasema aachwe afanye kazi yake, pengine watu watajua lile bonde. Sijui kama ilionyeshwa. Sikutazama.

Mama Dancille alikuja na kundi zima, wakaimba vizuri sana. Baadaye alinivuta nyuma ya jikoni. Uso wake ulikuwa umebadilika, nadhani mtu alikuwa amemweleza ile miti ilikuwa ya nani. Alisema Mungu huwachukua anaowapenda. Alisema pia kwamba tukianza kusema mambo ya miti tutaliangusha kundi, na shetani ndiye atakayefurahi. Nilimsikiliza hadi mwisho. Namwamini Mungu leo kama nilivyomwamini jana, lakini lile neno, kwamba Yeye ndiye aliyemchukua, sikulipokea. Najua nani alichukua nini.

Asubuhi, kabla watu hawajaamka, nilipiga magoti karibu na mama.

"Mama, miti ya Janvier, si bakimbizi. Ni sisi."

"Sisi nani?"

"Kundi. Na mimi."

"Ulijua ni yake?"

"Nilijua."

Alisogeza shanga moja ya rozari, halafu nyingine. Nilingoja anipige au anilaani, ningeshukuru.

"Utasema wewe mwenyewe, mbele ya batu," alisema. "Mimi sitakusemea."

Tulimzika Jumatano saa nane. Kaburi lilichimbwa kwa mitaimbo, maana ardhi yetu ni mawe ya volkano, na vijana wa kibandani walianza kazi hiyo tangu saa kumi na mbili asubuhi, wakipokezana. Mushagalusa na motari wenzake walitangulia mbele ya gari lililobeba jeneza. Upande wa Sake mabomu yalisikika mara tatu wakati wa misa, na padri alifupisha mahubiri.

Kaburini mjomba wetu alisoma maisha ya marehemu: tarehe ya kuzaliwa, shule, kazi, kwamba hakuacha mke wala mtoto. Alipomaliza akauliza kama kuna wa familia mwenye neno. Nikasogea mbele. Nilisema kwamba Janvier aliweka alama watu wasife, kwamba kundi letu liliziondoa na kuzichoma kwa kudhani ni uchawi, kwamba mimi nilijua kuwa si uchawi na nilinyamaza, na kwamba aliponiuliza niliwasingizia wakimbizi. Niliwaomba msamaha wakimbizi waliokuwepo. Sikuongeza kitu. Mama Dancille aliinamisha kichwa, na baadhi ya kina mama wa kundi waliondoka kabla ya baraka. Shida alikuwa amesimama nyuma na mtoto wake mdogo, na kitambaa kichwani. Alinitazama, halafu akatazama jeneza.

Padri alinyunyiza maji. Jeneza likashushwa kwa kamba mbili, likakwama kwenye jiwe upande wa miguu, wakalipandisha na kulishusha tena. Mama alitupa udongo wa kwanza, mimi wa pili, mjomba wa tatu. Vijana wakafukia, wakaweka msalaba wa mbao wenye jina lake na miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Kwenye mlango wa ua palikuwa na beseni la maji, kama desturi yetu ilivyo, ili waliotoka makaburini wanawe mikono kabla ya kuketi. Mama alinawa, akaingia. Mimi nilinawa baada ya wote. Watu wa kambi hawakukaa kula, giza lilikuwa linakaribia na njia haikuwa salama.